Zima Redio, Mama

Dada yangu mpenzi,

Sisi tuliobaki hatujambo. Kitambi changu kinaendelea vizuri, na mtangazaji wetu bado anaamini kipindi cha salamu kinabebwa na sauti yake, si na nyaya zangu.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akitupigia studioni? Nikishaiunganisha simu yake na mitambo, studio nzima inapiga mluzi, kwa sababu redio ya nyumbani inanguruma pembeni yake.

"Zima redio, Mama!"

"Mwambie baba yako!"

Na Baba, kwa nyuma: "Nizime redio ya mwanangu? Thubutu!"

Jana Mama alipiga, mara ya kwanza tangu tumzike Baba. Nikasema kwa mazoea tu, "Zima redio, Mama."

"Nimeshaizima, mwanangu. Nani wa kunibishia sasa?"

Akakutumia salamu wewe. Sauti ilikuja safi, bila hata mkwaruzo. Mtangazaji akanionyesha dole gumba. Mimi nikajifanya natafuta waya chini ya meza.

Mpigie, dada. Usimwambie habari za chini ya meza. Mwambie aiwashe tu redio, hata akiwa ananipigia. Mluzi aniachie mimi.

Mdogo wako,
fundi mitambo