Jina la Baba Mkwe

Jumatatu, 7 Julai 2025. Dongobesh.

Sabasaba. Wenzetu wamepumzika, mimi nimefunga marobota. Baridi ya kukata masikio. Kesho Fuso inanichukua na masweta yangu ya mtumba — mzunguko wa minada, kuanzia Haydom hadi Hanang. Paskalina ameomba kuja tena. Nimemwambia hii ndiyo safari ya mwisho. Mwezi uliopita nilisema hivyo hivyo.

Anamtafuta mtoto wake, Irene. Tope la Mlima Hanang lilipoingia Jorodom mwaka juzi lilimuua mumewe, Lameck, na yeye likamvunja mguu. Akiwa bado wodini, wakwe wakaja wakamchukua Irene, wakati huo ana miaka miwili, wakahama na ng'ombe wao. Hakuna aliyemwambia wanakwenda wapi. Tangu atoke hospitali anakaa kwangu.

Sasa wazimu wenyewe. Baba mkwe ana jina, na Paskalina analijua. Hasemi! Kwao Wabarbaig, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe mpaka anaingia kaburini. Jina la pili la Lameck ndilo hilo hilo, kwa hiyo nalo halitamkiki. Vyeti vyote vilikwenda na tope, na majirani waliolijua pia. Basi tunazunguka wilaya mbili kumtafuta mtu asiye na jina.

Jumanne, 8 Julai. Haydom.

Upepo, vumbi, wateja wa kushika na kurudisha. Paskalina alikuwa upande wa ng'ombe kutwa nzima. Shikamoo, shikamoo. Kwamba anamtafuta mzee mrefu, jicho moja lina ukungu, ana ng'ombe wengi wa kijivu. Ukoo anautaja — ukoo wenyewe umejaa hadi Singida! Wanamuuliza, anaitwa nani? Anatazama chini. Wazee wa Kibarbaig wanaelewa mara moja, wanamsifu. Mmoja alimnunulia chai.

Sifa anapewa. Mtoto hapewi.

Jumatano, 9 Julai. Basotu.

Ngano imekauka vizuri, ziwa limetulia, wageni wawili wenye kofia wanapiga picha. Nchi ya kuwekwa kwenye kalenda. Mimi nimeichoka.

Tulikaa ukingoni tukila mihogo. Nikamwambia, hapa tupo wawili tu, litaje mara moja, mimi nitalibeba. Akatikisa kichwa.

"Mama Bura, nikilitaja nimejitoa mwenyewe kwao. Sitakuwa na mlango wa kuingilia. Na Irene yuko ndani ya mlango ule."

"Na usipolitaja utaufikiaje mlango?"

Nilikasirika, nikamwachia mihogo yote. Baadaye nikaona haya, maana na yeye hakula.

Ijumaa, 11 Julai. Katesh.

Mlima umekaa pale pale, kovu lake linaonekana hata ukiwa sokoni. Tulipopita Jorodom Paskalina aligeukia upande wa pili wa gari. Mimi nilitazama. Majani yameota juu ya mahali palipokuwa nyumba za watu.

Leo nimefanya kitu. Felician, dalali wa ng'ombe, anawajua wazee wote wa tambarare hizi. Nikapanga naye. Tukakaa kwa mama ntilie sote watatu, Felician akaanza kama mtu anayepiga soga tu: fulani kauza majike, fulani kaoa mke wa nne, fulani anaumwa miguu. Jina baada ya jina. Mimi namtazama Paskalina tu. Anakunywa chai. Anakunywa chai. Halafu likatajwa moja — akavuta shuka, akafunika kichwa chote, akainuka, akatoka nje!

Felician akacheka. Mimi karibu nipige vigelegele. Nimelipata!

Siliandiki hapa, maana Paskalina anajua kusoma na daftari hili halina kufuli. Ila jioni hii nimetuma voisi kwenye grupu la wafanyabiashara wa minada, na huko nimelitaja wazi: Paskalina, mjane wa Lameck, anamtafuta mzee fulani, mwenye habari apige simu. Mwaka mzima na zaidi wa kuzunguka, na dawa yake ilikuwa voisi moja!

Paskalina hajanisemesha tangu mchana. Atanisamehe akimwona mwanawe.

Jumamosi, 12 Julai. Gitting.

Wamepiga! Mzee yupo tambarare ya chini, upande wa ziwa Balangida. Si mbali kabisa. Nimemwambia Paskalina nimeelekezwa na mtu wa mnada. Sikusema zaidi. Akaketi juu ya robota akalia, kisha akaniomba sabuni. Amefua shuka, ameosha miguu, amechagua sweta la waridi, akalipima kwa mikono hewani — hajui Irene amefikia urefu gani.

Sikumbuki lini nilimsikia akiimba. Leo ameimba.

Jumapili, 13 Julai. Nje ya boma.

Misa nimeikosa. Mungu anisamehe, leo nina mengine ya kusamehewa.

Dereva wa bodaboda alitushusha mbali kidogo. Paskalina alisimama nje ya uzio wa miiba, kichwa chini, akingoja akaribishwe kama inavyotakiwa. Mzee akatoka. Mrefu, jicho lina ukungu. Nyuma yake kijana ameshika simu. Nikamwamkia mzee. Hakuitikia. Kijana akabonyeza simu, na sauti yangu ikatoka, imechangamka kama ya mtangaza mnada, ikilitaja jina lile. Mara mbili. Nilikuwa nimelitaja mara mbili.

Paskalina aliziba masikio. Kisha akanitazama. Sitaki kutazamwa vile tena maishani.

Nikapiga kelele: ni mimi! Sauti ni yangu, yeye hajawahi kulitaja, hata mbele yangu amekataa! Mzee akasema, kwa Kiswahili cha taratibu, kwamba sauti anaisikia ni ya nani. Anachouliza ni kimoja.

"Wewe si mtu wetu. Nani alikupa jina langu?"

Nikasema, Felician.

"Felician anataja wazee wote. Nani alikuambia kwamba ni mimi?"

Ningejibu nini? Kwamba alifunika kichwa na mimi nikasoma? Kwamba nilimtegea kama ndege?

Mzee akasema hilo si la wanaume, ni la wanawake wenyewe, wao ndio wanaohukumu wanawake. Akarudi ndani. Wameanza kufika kutoka maboma ya jirani, mmojammoja, kina mama wa gauni za ngozi na vijana wa kike wa kanga. Wameketi upande wa pili wa uzio. Nimeuliza wakimwona ana hatia itakuwaje. Mke mdogo wa mzee alisema tu, atakwenda, na mtoto atabaki.

Irene tumemwona. Ametoka na kibuyu, amesimama mbele yetu, amesema shikamoo kwetu sote wawili sawasawa, akakimbia kwa mke mdogo akimwita mama.

Nimemwambia Paskalina nitasema Felician alinionyesha mzee mwenyewe mnadani. Uongo mdogo, umekwisha. Amekataa, bila kunitazama.

"Wataniuliza na mimi, Mama Bura. Nitaapa kwa mtoto. Siwezi kuapa uongo kwa Irene."

"Basi nitasema kweli. Hukulitamka. Ulifunika kichwa tu, kwa heshima."

"Nilijua unanitazama," akasema. "Ningeweza kukaa tu, nikanywa chai."

Sijui nifanye nini. Nikisema kweli, wataniuliza kama alijua. Nikidanganya, anaapishwa. Bibi kizee mwenye fimbo, anayewaongoza kina mama, amesimama, anatazama upande wetu. Paskalina amekaza shuka. Mimi ndiye wa kwanza — ananiita kwa mkono. Nafunga daftari.