Blogu Ambayo Sijawahi Kuwatajia Wasomaji Wangu

Mpendwa somo,

Nakuandikia hapa hapa mbele za watu, kwa sababu nikikuandikia pembeni nitaandika uongo wa adabu. Hujambo? Joto la Maskati limepungua? Haya, salamu zimekwisha. Mie nakuonea wivu, somo yangu, tena wivu wenyewe, ule wa kukwama kooni kama mwiba wa samaki changu.

Anayepita hapa bila kutujua naye ajue. Wewe na mie ni watoto wa ndugu wawili wa Bodo, na sote tulipewa jina la bibi yetu, Mwanamisi. Ndiyo maana tangu tulipoanza kusema tunaitana somo. Wewe ukaenda Maskati kufundisha watoto wadogo, mie nikabaki Mwabungo nashona mapazia ya hoteli za Galu, na kila mmoja ana blogu yake. Yangu naiandika kwenye simu, cherehani ikipumzika. Yako sijui unaiandikia wapi, lakini inasomwa mpaka na watu ambao barua ya shule ya mtoto wao hawaifungui.

Unaijua desturi yangu ya Ijumaa. Nikishamaliza habari za vitambaa na vituko vya wateja, nawaelekeza wasomaji blogu nyingine za kusoma. Nimewapeleka kwa yule muuguzi wa Msambweni anayeandika majina ambayo akina mama huwapa watoto wao, na kisa cha kila jina. Nimewapeleka kwa nahodha wa Shimoni anayetembeza wageni baharini na kuandika habari za samaki, hata wale ambao yeye mwenyewe hawatii mdomoni. Nimewapeleka kwa mama mmoja wa Kikamba, mkulima wa Shimba Hills, anayejifunza mapishi yetu na kuyaeleza kwa Kiswahili chake cha bara: “Leo nimekuna nazi mpaka vidole zikaisha!” Nampenda mno. Hao nawasifu kwa moyo mweupe, na sababu ni moja: hakuna anayenilinganisha nao. Nani atanilinganisha na samaki?

Wewe sijakutaja hata Ijumaa moja. Msomaji mmoja akaniuliza kwenye maoni, “Dada, mbona humtaji somo yako? Au mmegombana?” Nikamjibu kwamba nilisahau. Ati nilisahau! Na kila unapoandika mie ndiye wa kwanza kufungua, sindano bado imo kitambaani.

Mama ndiye aliyenimaliza. Mama yangu mzazi, somo, si wako. Alinitumia ujumbe wa sauti, pua imeziba kwa kulia: “Mwanangu, umeisoma ya somo yako? Ile ya bibi na sahani? Wallahi nimelia mpaka nimeunguza wali.” Mie naandika miaka yote hii, na jikoni kwa mama hakijaungua hata kitunguu kwa ajili yangu. Kisha akakumbuka anazungumza na nani, akaongeza, “Yako pia nzuri, mama.” Yako pia nzuri! Vile mtu anavyosifia nguo ya mwenzake huku keshavaa viatu anaondoka.

Nikairudia hiyo ya sahani. Ramadhani, sisi wadogo, tuko kwa bibi, kule Bodo. Alasiri watu wanapelekeana futari, sahani zimefunikwa kawa, na sahani ya mtu hairudishwi tupu, hata kama utatia ndimu mbili tu. Jirani yetu Bi Mwanatumu ndiye aliyekuwa akiitwa kupika kwenye harusi zote za pale, na bibi haitwi. Bibi alikuwa hamsemi vibaya. Alikuwa hamsemi kabisa. Siku hiyo Bi Mwanatumu akaleta mkate wa kumimina, umeiva hata ufa hauna, iliki inanukia mpaka uani. Wa bibi ulikuwa ukipasuka kila akiupika, na nyumba nzima tulikuwa tukijitia hatuoni.

Adhana ilipolia bibi akafungulia tende, kisha akakata kipande. Akatafuna polepole. Sote tukamkodolea macho. Akasema, “Mtamu.” Akameza. “Unaniudhi.” Kesho yake akapika pweza wa nazi, chakula ambacho hakuna aliyekuwa akimfikia, akaijaza sahani ya Bi Mwanatumu mpaka ukingoni. “Mpelekee,” akasema. “Mwambie, bibi anasema mkate wako ni mtamu kuliko wake. Sema hivyo hivyo, usipunguze neno.”

Sasa hapa ndipo damu inaponichemka. Uliandika kwamba wewe ndiye uliyeibeba ile sahani. Ukaeleza mchuzi ulivyokuwa ukitaka kumwagika, na vidole vilivyokuwa vikiungua, ukibadilisha mikono njia nzima. Muongo wee! Vidole vilivyoungua ni hivi vyangu. Wewe ulibaki jikoni unakomba sufuria, na nilipokupigia simu kukuuliza ukacheka, ukasema, “Somo, si sote tulikuwapo?” Hatukuwapo sote. Mlangoni kwa Bi Mwanatumu nilikuwa peke yangu. Nikayasema yale maneno yote, na yule mama akashika mlango, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Amesema hivyo mwenyewe?” Hilo hukuliandika, maana hukulisikia.

Na hata bila hilo, yako imeizidi yoyote niliyowahi kuandika. Mie ningeandika habari za pweza, nazi ngapi na pilipili ngapi. Wewe ulimwandika bibi anavyotafuna. Nimeitafutia kasoro kama ninavyokagua mshono wa fundi mwingine, nikaigeuza upande wa ndani, sikuona hata uzi uliochomoka.

Halafu wiki iliyopita ukanitenda. Ukawaambia wasomaji wako, “Nendeni mkamsome somo yangu wa Mwabungo. Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama.” Na wakaja, loo, wamejaa hapa tangu siku ile, wanabisha hodi kwa adabu: “Tumetumwa na Mwanamisi wa Maskati.” Ungenichukia ingekuwa rahisi, ningekuchukia nawe tukawa sawa. Sasa nina wivu wangu na nina wageni wako, na nyumba yenyewe ni ndogo.

Naogopa, somo. Nikiwaleta wangu kwako hawatarudi. Watakaa kwako walie pamoja na mama, na mie nitabaki na mapazia yangu. Hilo ndilo lililonifunga mdomo Ijumaa zote hizo, sikusahau kitu.

Lakini umeniletea sahani, nami ni mjukuu wa bibi yule yule. Basi hii ndiyo Ijumaa yangu, na leo hakuna muuguzi wala nahodha. Wote waje kwako. Waanze na hiyo ya bibi, na wasiisome wakiwa na kitu jikoni. Nawaambia hivi hivi, sipunguzi neno: somo yangu anaandika vizuri kuliko mimi.

Haya, nimesema. Vidole vinaniungua vile vile kama siku ile. Ukae salama huko, ule vizuri, na likizo ukija upitie kwangu kabla hujaenda kwa mama, nikuone mie kwanza.

Blogu yako ni tamu. Inaniudhi. Na ile sahani niliibeba mimi.

Somo yako,
Mwanamisi wa Mwabungo