Nimesimama Nyuma ya Deni la Asukulu

Iowa, Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wote, wewe na nyumba nzima. Miguu inaendeleaje tangu mvua zianze? Na macho? Kwenye simu ulisema sura za watu sasa unaziona kama kupitia moshi wa kukaushia samaki, na tangu siku hiyo neno hilo haliniachi. Najua Faida ndiye anayekusomea. Faida, wewe mjukuu wake, soma polepole, na ukifika mahali pabaya usiparuke. Koko wako atajua.

Sisi hapa tuko wazima. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara zimejaa tope jeusi. Mimi bado niko kiwandani, upande wa kukata nyama. Vidole vya mkono wa kulia vinakataa kukunjuka asubuhi; naviweka kwanza kwenye maji ya moto ndipo navaa viatu. Usihangaike sana kwa hilo, wengi hapa wako hivyo.

Habari kubwa ni ya Asukulu. Mdogo wangu anamaliza sekondari mwaka huu, na chuo kikuu kimempokea asome chimie, hiyo wanayoiita kemia upande wa Tanzania, miaka minne. Uliponiuliza, "Sasa hiyo chimie ni kazi ya kutengeneza nini?" simu ilikatika kabla sijajibu. Acha nikueleze kwa mpangilio.

Huku hakuna kwenda kwa prefe, yule mkuu wa shule, na samaki wawili kuomba asubiri ada kidogo, kama Baba alivyofanya kwa ajili yangu pale Baraka. Serikali inakopesha sehemu, inayobaki inakopesha benki, na mtoto akishamaliza masomo anaanza kulipa mwezi kwa mwezi, miaka kumi au zaidi. Nilitaka kujua kama inafaa. Nikamwendea Mama Zawadi, mtu wa Makobola tunayesali naye, ambaye mwanawe alisoma chimie hiyohiyo. Kijana anapima maji ya mji kabla watu hawajayanywa.

"Mushahara yake iko namna gani?" nikamuuliza.

"Ya kwanza ilipita ya kwako kidogo tu. Na benki inakula mbele yake. Angali anakaa kwangu, na anakula kama bantu babili."

"Sasa ilimufaa nini?"

"We, miaka yote hii kwenye kisu, balikuongeza nini? Yeye bamemuongeza mara mbili tayari. Na anarudi na mikono muzima. Anatwanga mpaka na majani ya sombe!" Akacheka. Mimi nikaangalia vidole vyangu.

Kwa hiyo faida mwanzoni ni ndogo, Mama, na inachelewa kuja. Sitakudanganya kwamba mwanao atakuwa tajiri.

Jumatano tukaenda benki. Mwanamke aliyetupokea alieleza kwamba wanataka mtu mwenye mshahara asimame nyuma ya mkopo, maana Asukulu hana kitu. Nikasema ni mimi. Asukulu akashika kalamu, halafu akauliza bila aibu, kwa Kiingereza chao: "Na nikifa?"

Mwanamke akacheka, akidhani ni mzaha. "Una miaka kumi na tisa!"

"Najua. Nikifa, nani ataulizwa?"

Unajua alichokuwa anakiona, Mama. Siku ya kumaliza kilio cha Baba mliweka simu juu ya meza uani, sisi tukasikiliza kutoka huku. Baba mdogo alisimama, akauliza nani anamdai marehemu. Yule mvuvi wa Ubwari akasema Baba ameondoka na deni la mafuta ya injini, na Baba mdogo akajibu mbele ya watu wote: "Hiyo iko kwetu. Ukoo uko hapa." Asukulu alilia pale kuliko alivyolia siku ya habari yenyewe.

Mwanamke wa benki aliacha kucheka. "Ataulizwa dada yako," akasema.

"Peke yake?"

"Peke yake."

Asukulu akairudisha kalamu mezani. Tulipofika nyumbani ndipo akasema: "Yaya, dada yangu, mi sitaki. Kule deni iliangukia ukoo. Huku itaangukia we moja. Nitakuja kukata nyama na we."

"Na chimie?"

"Chimie itakaa kwa kitabu."

Nikamwita mpumbavu. Akaniambia nimeanza kupiga kelele kama prefe. Lakini neno lile la kitabu lilikuwa limenichoma.

Wiki chache kabla, shule yake ilikuwa imealika wazazi, na mzazi wake hapa ni mimi. Akaniweka mbele ya chupa ya kioo yenye kitu cheupe kama maji. "Yaya, usipepese macho," akasema, akaanza kudondosha tone baada ya tone, mpaka ghafla chote kikageuka rangi ya waridi. Mama, mimi nilisoma chimie Baraka, na mwalimu wetu alichora chupa ubaoni kwa chaki, kwa sababu shule haikuwa na chupa. Rangi ile niliiandika kwenye mtihani wa Serikali na nikapata pointi, bila kuwahi kuiona. Nikasimama pale nikalia, na Asukulu akaninong'oneza, "Yaya, bazungu banaangalia."

Chimie iliyokaa kwa kitabu ni yangu. Moja inatosha katika nyumba yetu.

Alhamisi nilirudi benki peke yangu, nikatia sahihi. Asukulu alitia yake siku mbili baadaye, kwa shingo upande.

Faida, hapa ndipo. Soma.

Mama, pesa ya tiketi niliyokuwa naweka, ili nije kiangazi tujengee kaburi la Baba na nikae nawe, imeingia kwenye ada ya kwanza. Na sasa benki inaangalia mshahara wangu. Nikiomba ruhusa ya miezi miwili, kiwanda kitampa mwingine nafasi yangu. Sitakuja mwaka huu. Mwaka ujao sijui. Nimepima kila kitu, mshahara wake na deni lake, mikono yangu na mikono yake, na kila kitu kilipata mahali isipokuwa macho yako. Naweza kufika siku ambayo utanijua kwa sauti tu. Nililijua hilo nilipokuwa natia sahihi.

Pesa ya dawa haitakatika. Mwambie Baba mdogo simenti isubiri, ila kaburi lisiachiwe majani. Nisalimie mke wa kaka, mama yake Faida, na shangazi wa Fizi, na mchungaji wetu, na jirani anayekuchotea maji. Asukulu atapiga mwenyewe, anaogopa utamgombeza.

Kama una hasira nami, mwambie Faida aiandike kama unavyoisema, asiipunguze. Nitaisoma yote.

Mwanao,
Sifa