Klorini Haijaondoka

Jumatatu, 3 Juni

Kamati ya maadili ya chuo inakaa Ijumaa. Barua yangu ya kumshtaki shemeji, kurasa kumi na moja, wanayo. Nimeisoma tena leo — moto! Shemeji hatoki salama. Miaka sita anang'ang'ania kwamba klorini haiiachi silikoni. Mimi nasema inaiacha: molekuli mbili zinaibana silikoni kama magando ya kaa, klorini inasukumwa nje, silikoni inabaki na chaji chanya, na penye chaji umeme hupita. Machi hatimaye umeme ukapita kwenye myeyusho wangu. Kwake haujawahi kupita. Basi ama hajui kupima, ama anatunga namba. Nimeyaandika yote mawili. Wakikubaliana nami, ananyang'anywa maabara.

Mume wangu hanisemeshi. Shemeji ni kaka yake, basi. Nilishamwambia atomu hazina undugu.

Jumanne, 4 Juni

Shemeji kanikuta kwenye ngazi. "Shemeji, ukimaliza kunichinja niachie angalau stuli yangu. Kiuno hiki hakijazoea nyingine." Nikacheka kabla sijajizuia. Mjanja yule! Hata kumchukia kwa raha huwezi.

Jumatano, 5 Juni

Nilitaka kipimo kimoja cha ziada, cha kumzibia njia zote. Kiyeyushi changu, kile kimiminika cha kuyeyushia, kimekwisha. Fundi wa maabara, tunamwita Bibi Mizani, akaniletea chupa mpya ya kiwandani. Nikatengeneza myeyusho upya, nikapima. Mshale wa mita haukutikisika. Nikarudia. Hakuna umeme! Mita imekufa? Nikaichovya kwenye maji ya chumvi — mshale ukaruka mpaka mwisho. Mita nzima kabisa.

Bibi Mizani akauliza, kwani kile cha zamani kilikuwa kikavu? Anasema tanuri la maabara limeharibika tangu Februari. Zile punje za kunyonya unyevu amekuwa akizitia kwenye kiyeyushi changu bila kuzioka zikauke.

"Nilikuja kukwambia, dada. Ukanifukuza, unaandika."

Nilikuwa naandika ile barua.

Alhamisi, 6 Juni

Maji. Maji tu! Ndiyo yaliyoing'oa klorini, si magando yangu; asidi imezaliwa, na asidi ndiyo iliyopitisha umeme. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeshuku.

Nimeanza kumwandikia mwenyekiti mara nne. Mimi, ninayemaliza kurasa tano kabla ya chai! Nimefuta "huenda". Nimefuta "kasoro ndogo". Ndogo!

Mume wangu kauliza mbona nimepoa hivi. Nikasingizia kichwa.

Ijumaa, 7 Juni

Saa tatu kasoro. Benchi nje ya chumba cha kamati. Barua ya kukiri kosa haikuandikika, nitasema kwa mdomo. Naingia wa kwanza, nasema, natoka.

Shemeji kaja, kakaa kando yangu. Kajikata kidevuni kwa wembe. Anasema ameisoma barua yangu mara tatu, kila mstari. "Umenishinda, Shemeji. Pengine kweli sijui kupima. Nitawaambia nilikosea, yaishe, turudi kula meza moja."

Nikafungua kinywa. Kikatoka kikohozi. Akanipigapiga mgongoni! Nikatoa daftari hili, angalau nishike kitu.

Mlango umefunguliwa. Wamemwita yeye, si mimi. Anasimama, ananiuliza kama tai imekaa sawa. Imepinda. Nimesema iko sawa. Anaelekea mlangoni na mimi bado naandika —