Folda Uliyoniambia Niiache Nje

Papa,

Tangu tukuzike hapa kambini Juru sijakuandikia hata mstari mmoja, kwa sababu nilijua wa kwanza utakuwa huu: nimeipoteza sauti yako, na humo ndani nimempoteza mama kwa mara ya pili.

Unazikumbuka zile alasiri baada ya mavuno ya maharage? Ulikuwa unakuja kwenye kibanda changu cha kuchapa na kutoa fotokopi, unavua kofia, unakalia gunia ulilokuja nalo kana kwamba sina viti. Ulikuwa unangoja wateja wote waishe. Kisha unaisogelea kompyuta, unakohoa kidogo, unaisalimia kwanza: "Jambo sana." Nilicheka hadi ukaninunia. Mvua ikianza kupiga mabati uliniambia nizime, maana hukutaka habari za mama zichanganyike na kelele.

Habari yenyewe ilikuwa moja tu, mahali mama alipolala. Siku tulipokimbia kijiji chetu kule Kivu ya Kusini, mimi nilitangulia na mdogo wangu Amani mgongoni, bado ananyonya. Wewe na baba mdogo mlibaki nyuma mkamzika mama kilimani harakaharaka, bila msalaba, ili asijue mtu kwamba pamechimbwa. Baba mdogo hakufika Uganda. Ukabaki wewe peke yako unayepajua, ukaona uzee unakuja, ukaamua kuiambia mashine.

Na mimi, Papa, sikusikiliza. Hili ndilo linaloniua. Nilikubonyezea kitufe cha kurekodi kwenye simu, halafu nikaendelea kumchapia mtu barua yake huku wewe unaeleza. Nilisikia daraja. Nilisikia miti miwili ya parachichi na jiwe jeupe. Kati ya daraja na parachichi ulitaja mkono wa kushika, kulia au kushoto, na wakati huo nilikuwa natafuta koma. Niliihamishia sauti yako kwenye folda ya kompyuta, nikajiambia mashine imesikia, nitasikiliza siku nikitulia.

Siku nilipoiwekea kompyuta utaratibu wa kutoa nakala za akiba, wa kupeleka vitu vyangu vyote mbali kupitia mtandao kila siku bila kuambiwa, ulikuwa umekaa palepale kwenye gunia. Ikaniuliza ni folda zipi iziache. Ukauliza vitu vinaenda wapi. Nikasema mbali, ng'ambo, kwenye kompyuta za watu. Ukaacha kumenya muwa.

"Ile ya kwangu usiitume kule. Majina ikitembea, batu banaifuata."

"Papa, hakuna mutu ataisikia."

"Ata ile siku ya liste balisema vile vile. Weka yangu fasi ya hapa hapa."

Sikukubishia. Watu wa kwetu tunajua orodha ya majina inaweza kufanya nini ikifika mikononi mwa mtu. Basi nikachagua vya kuachwa: sinema, nyimbo za kwaya, picha zilizotoka vibaya, na wewe. Nilikusudia kukuweka kwenye flashi. Kila flashi niliyoinunua iliondoka na mteja. Kesho, kesho, mpaka ukatutoka, na hata baada ya hapo nikasema nitakusikiliza machozi yakipungua.

Mvua uliyoichukia ndiyo iliyokumaliza. Bati lilipasuka Jumapili tukiwa kanisani, maji yakashukia mezani. Nikaibeba kompyuta hadi Mbarara, nimeifunga kwa kitenge, nimeipakata njia nzima. Fundi, kijana wa Kinyankore mwenye upole, aliifungua, akatikisa kichwa, kisha akanipa kompyuta nyingine niandike neno langu la siri. Vitu vikaanza kurudi kimoja kimoja. Fomu za watu, kadi za harusi, hata tangazo la mbuzi aliyepotea.

"Madam, yote imerudi," akasema.

"Folda ya Papa je?"

Akatafuta, akanionyesha ile orodha yangu. "Hii ni wewe mwenyewe ulikataza. Hii kitu inasikia ile unaambia yeye, basi."

Nikamuuliza kama ile diski haiwezi kusema hata kidogo. Akasema ameshajaribu mara mbili. Hakunitoza hata senti, na hilo lilinitisha kuliko maneno yake. Ile sauti ya kwenye simu nilishaifuta zamani ili nipate nafasi.

Amani hakunipa muda wa kulia. Amerudi kwetu, Papa. Mtoto uliyempokea kwangu ukambeba mabegani kuvuka mpaka ana ndevu sasa. Kilima wamepewa watu wengine, na hao watu, nisiwaseme vibaya, walikubali kuacha kaburi kama angeonyesha lilipo kabla ya mvua za kulima. Alinipigia mimi dada yake akiwa darajani, nikasikia maji.

"Yaya, niko pa kilalo. Nishike mukono gani?"

Nikamuuliza kama anaona jiwe jeupe.

"Yaya? Si Papa alikuambiaka?"

"Aliniambia," nikasema. "Tafuta parachichi mbili."

"Hapa kuko parachichi mingi."

Alizunguka siku tatu. Mvua zilipofika walilima kilima chote, wakapanda muhogo. Hajanilaumu, na mimi ningependa anilaumu. Majirani hapa wananiambia Mungu anajua mama alipo. Anajua, sawa, lakini aliyekuwa anauliza ni Amani.

Wakati mwingine nakukasirikia wewe. Nasema, mzee huyu na hofu zake, angeniacha tu niitume. Halafu nakumbuka nani alikuwa anachapa.

Nimepata kompyuta nyingine, imetumika kidogo. Nayo iliniuliza swali lilelile, ni folda zipi iziache. Sikuchagua hata moja. Sinema zinakwenda ng'ambo, picha mbaya zinakwenda. Nikafungua folda mpya, nikaiita Papa, na kila siku mashine inaniarifu kwamba imehifadhiwa salama. Ndani yake hamna kitu.

Pumzika, Papa. Kama mmekwisha kuonana, muulize mama mwenyewe ni mkono gani.

Mimi, mwanao wa kwanza.