Figo Yangu na Kochi la Mkeo

Antigo, Wisconsin

Orrin,

Sisi wazima. Theluji imeyeyuka na paka amezaa.

Nimesikia ulivyowachekesha watu baani Ijumaa, mkila samaki wa kukaanga: "Dada kanipa figo ili apunguziwe kodi!"

Ni kweli, jimbo limenipunguzia. Limehesabu gharama za kukupa figo: petroli, mshahara niliokosa, na moteli. Moteli, Orrin! Nyumba yako iko karibu na hospitali, ila mkeo aliogopa kidonda changu kingechafua kochi lake jipya, nawe ukanyamaza. Hilo mbona hukuwasimulia?

Ijumaa hii nami nakuja kula samaki. Ukigusa brandi nitakumwagia kichwani mbele yao wote. Figo yangu haijakukosea kitu.

Dada yako, upende usipende,
Marlys