Kree Iliyoteleza ku Tablo

Nyamitaba, siku ya tatu ya juma

Kaka yangu mupenzi Sylvain,

Nakusalimia sana mu jina ya Yesu. Habari ya Buleusa? Kile kikohozi kilikuacha? Sisi huku tuko, Mungu anatulinda. Maharagi imetoa maua, na mbuzi yako ilizaa mbili. Muke wako Astrid anatembea sasa mwenyewe mpaka ku kisima, hata kama hasemi sana.

Barua yako nilipata. Unasema ulimuona Mama Nyiramana, ule jirani yetu, anauzisha sombe, majani ya muhogo, ku soko ya Buleusa, na siku ya ine ya juma yenye kufuata utamulipisha mutoto wako kwa panga. Tafazali, soma hii yangu mpaka mwisho mbele ya kugusa ile panga.

Kaka, unanijua, miye ni mwalimu wa hasira. Kwa trimestre yote, miezi tatu, direkteri wa masomo alinipatia boxe moja tu ya kree, zile chaki za kuandikia ku tablo, ubao ya darasa. Nilikuwa naitunza nyumbani, ju ku darasa ya masomo hakuna kufuli. Kree haina nguvu: ikianguka inavunjika, ikipata maji inakuwa uji. Lakini hata unga wake nilikuwa napaka ku kola ya nguo, unyonye mafuta. Basi zikaanza kupotea. Nikaokota kipande kimoja, kina alama ya meno. Nikasema ni banafunzi banaokuja kuchukua bitabu kwangu asubui. Direkteri yeye akasema mbele ya bazazi wote kama miye njo nauzisha kree za masomo. Weee! Haya ile, hata leo inanichoma.

Kisha njo ikafika siku ile Astrid alianguka ku jikoni, anatetemeka, povu mu kinywa, na mimba ya miezi saba. Mutoto alitoka amekufa. Uliniachia Astrid nimuchunge hapa kwangu, na ile njo nilikuchungia. Batu bakasema karuho, ile sumu ya wivu, ju asubui Mama Nyiramana alikuwa ameleta maziwa mu kibuyu. Bakabomoa nyumba yake, bakamupiga mawe mpaka jicho ya kushoto ikafungika. Ulinishukuru kwa barua kwa vile nilisimama na familia. Ni kweli nilisimama. Sauti ya kwanza ilikuwa yangu.

Sasa sikia. Ku soko ya Kashuga banauzishaka kree ya wadudu, ile unachora mustari ku mulango, mende zinakufa. Iko nyeupe sawa ya masomo, urefu uleule. Ku tablo tu njo inateleza, haiandike vizuri. Nilitia sita mu boxe yangu, juu ya zingine. Nilitaka mwizi aumwe na tumbo, ajitaje mwenyewe. Nilikuwa nafikiri ni batoto, kaka, na nikazitia.

Haikuwa batoto. Barabara ilikuwa imefungwa, pemba, ule udongo mweupe bamama benye mimba banakulaka, ikakosekana ku soko, na Astrid alisikia haya kuniambia kama anakula kree mahali yake. Mbele hata jiwe ya kwanza irushwe, nilifungua boxe. Ya wadudu zilibaki mbili. Nilijua, na nikapaza sauti. Banasemaka mwenye kuchimba shimo anaangukamo mwenyewe. Uongo! Miye nilichimba, bengine njo baliangukamo.

Na kuna ingine. Barua yako inalala mu boxe ya kree siku kumi na mbili. Nilisema mu roho yangu: acha amalize ule mama, neno itaisha naye. Siku ya ine moja imeshapita. Naomba mvua ilikuzuia.

Jana Astrid alikuwa anasugua kibuyu ya Mama Nyiramana, ile ilibakiaka kwetu. Akaniuliza polepole kama maziwa ya karuho ilikuwa tamu. Ju yeye hakuigusa asubui ile. Miye njo nilikunywa yote.

Jean-Luc wa moto, ule wa pikipiki, anangojea ku mulango, amenihakikishia atafika kwako leo. Kibuyu iko naye, imeoshwa. Kama Mama Nyiramana iko muzima, umupatie kwa mikono mbili. Kama hayuko tena, panga yako ilete huku, niko nyumbani.

Astrid anakusalimia. Usalimie wote wa huko.

Dada yako,
Adelaïde Uwamwezi